Mayai Thelathini, Fremu Nne: namna ya kuchora muda, mwendo na hisia

Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297. Acha sentimita moja na nusu kila upande, chora fremu nne za milimita 63, na kati ya fremu na fremu acha mwanya wa milimita 5. Hesabu inatimia bila masalia. Ndivyo ninavyoanza kila katuni yangu, na ndivyo ninavyowaanzishia vijana wanaokuja kwangu Temeke siku za Jumamosi kujifunza kuchora. Wengi wao wanakuja na mkono mzuri tayari. Kosta wanaichora mpaka taa za nyuma, na uso wa mtu wakiuchora unamtambua mwenyewe. Lakini ukizitazama katuni zao, wahusika wote wametulia kama waliokwenda kupiga picha ya pasipoti. Mwongozo huu ni wa kwao, na wa yeyote anayejua kuchora kitu lakini hajajua kukifanya kiende, kisubiri au kiumie.

Tutatumia mkasa mmoja tu. Kijana ametumwa na mama yake apeleke trei la mayai 30 kwa mteja Kariakoo. Yuko kituoni, Mbagala Rangi Tatu. Anasubiri daladala, inachelewa. Inapofika anaikimbilia, konda anagonga bodi, gari linaondoka. Mangapi yamebaki mazima utaamua wewe mchoraji.

Kwanza, ule mwanya

Tuseme fremu ya kwanza inamwonyesha kijana ameshika trei, na ya pili inaonyesha trei liko chini. Hukuchora popote likianguka, na bado kila atakayesoma atakuambia ameliona likianguka. Ameliangusha yeye mwenyewe kichwani, akiwa anavuka milimita 5 za karatasi nyeupe. Mchoraji wa Marekani Scott McCloud aliuandikia mwanya huu sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu ufundi wa katuni, na alistahili kufanya hivyo, maana kila kitu kingine kinategemea hapo.

Kwa hiyo kabla hujagusa penseli, jiulize ni kipi hutakichora. Wachoraji wengi chipukizi wanaogopa msomaji hataelewa, wanachora kila hatua: kijana anaona gari, anageuka, anainua mguu, anakimbia, anafika. Fremu tano, na hakuna hata moja iliyomwachia msomaji kazi. Mpe kijana anayeona gari, kisha mpe mkono wake ukiwa umekosa bomba la mlangoni kwa inchi moja. Zile mbio atazikimbia mwenyewe, na kwa kuwa amezikimbia yeye, atazijali.

Kumfanya msomaji asubiri

Kijana amesubiri dakika arobaini. Njia rahisi ni kuandika juu ya fremu, "Baada ya dakika arobaini." Hapo msomaji amepewa taarifa, lakini hajasubiri. Tunataka asubiri.

Chora fremu mbili au tatu za mahali palepale, kutoka pembe ileile. Nguzo ya umeme ibaki ilipo, kibao cha duka kibaki kilipo, na mstari wa barabara usipande wala kushuka. Vitu vyote vikitulia, jicho linakimbilia kile kimoja kilichobadilika. Winsor McCay aliijua mbinu hii zaidi ya miaka mia iliyopita. Kuanzia mwaka 1904 alichora kwenye gazeti la New York Herald katuni ya mtoto mwenye chafya, Little Sammy Sneeze. Fremu za mwanzo zilikuwa karibu sawasawa: watu wazima wanaendelea na shughuli zao, na katikati yao mtoto anakunja pua, anafungua mdomo kidogo, anaufungua zaidi, kisha chafya inalipuka na kuvuruga kila kilichopo. Msomaji alishajua chafya inakuja. Kilichomshika ni kule kuchelewa kwake. Tarehe 24 Septemba 1905 McCay aliiacha chafya ivunje hata mistari ya fremu, vipande vyake vikamwangukia mtoto mwilini. Kumbuka hilo siku utakapoona mistari ya fremu ni ukuta usioguswa.

Sasa rudi kituoni. Ni kitu gani kibadilike? Kama zimepita dakika, badilisha vitu vidogo vinavyoisha au kurundikana. Pembeni ya kijana kuna muuza machungwa: katika fremu ya kwanza rundo lake limefika kifuani, katika ya pili limefika kiunoni, na maganda yamezagaa chini. Mzee aliyekaa kwenye benchi alikuwa macho. Sasa kidevu kimegusa kifua. Kijana mwenyewe usimguse sana. Hamisha tu uzito wake kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, na trei lihame kutoka mikononi likapumzike kwenye nyonga.

Kama zimepita saa nyingi, tumia kivuli. Sisi wa Dar es Salaam tumejaliwa saa ya ukutani isiyohitaji betri. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni pake, na asubuhi na jioni kinalala kirefu barabarani. Amua mapema mashariki ya fremu yako iko upande gani. Ukiiweka kushoto, kivuli cha asubuhi kitaangukia kulia, na cha jioni kitaangukia kushoto. Chora kijana yuleyule, amesimama palepale, kivuli kimehama upande. Hujaandika neno, na msomaji ameshamwonea huruma.

Ukubwa wa fremu nao unahesabu muda. Fremu pana inamchelewesha msomaji, kwa sababu jicho lina mahali pa kutembea. Fremu nyembamba zilizobanana zinamharakisha. Chukua fremu moja ya milimita 63, igawe vipande vitatu vya milimita 19 vyenye mianya ya milimita 3. Kipande cha kwanza: vidole vinateleza kwenye ukingo wa trei. Cha pili: yai moja, hewani, hakuna kingine. Cha tatu: ganda chini, na kiatu cha mtu anayepita. Ni nusu sekunde ya maisha, umeitanua, na bado inasomeka upesi kama pumzi tatu za mtu aliyeshtuka.

Maneno vilevile ni muda, na hapa ndipo ninaporudisha kazi nyingi za wanafunzi. Fremu yenye swali na jibu haiwezi kuwa ya kufumba na kufumbua. Inadumu kadiri mazungumzo yanavyodumu. Mtu aliyeruka mtaro hana nafasi ya kusema sentensi mbili. Mpe neno moja, "Mamaaa!", basi. Ukimpa hotuba ataning'inia hewani, na mruko wote umekufa. Anayezungumza kwanza puto lake, ule mviringo unaozungushiwa maneno yake, likae juu na kushoto kuliko la anayejibu, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali.

Na baada ya maneno, nyamaza. Konda amesema, "Twende suka, twende!" Fremu inayofuata isiwe na puto lolote. Kijana, barabara, moshi wa gari. Kimya jii. Fremu ya kimya ndiyo ngumu kuliko zote kuiamini ukiwa unaanza, na mimi ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Usiijaze.

Mbio za kijana

Mistari ya mwendo, ile inayochorwa nyuma ya mtu anayekimbia, iwe kitu cha mwisho kabisa unachokiongeza. Mwendo unaanzia kwenye kuchagua nukta ya tendo.

Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia ya farasi na kuthibitisha kwamba farasi akienda mbio kuna wakati miguu yake yote minne imeacha ardhi. Jambo lililowashangaza wachoraji ni kwamba wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Wao kwa karne nyingi walikuwa wameichora imenyooshwa mbele na nyuma. Jicho tupu halitoshi. Leo kila mmoja wetu ana kamera mfukoni: shika daftari kama trei, kimbia uani, mwenzako akupige video kwa simu, kisha uisimamishe hatua kwa hatua. Utakuta picha nyingi hazina nguvu, na moja au mbili zinaruka. Chora hizo. Kwa kawaida zenye nguvu ni za mwanzo wa tendo au mwisho wake. Nyundo ichore imeinuliwa mpaka nyuma ya sikio, au ichore msumari umeshazama; ikiwa katikati ya njia haisemi chochote.

Kwa kijana wetu: mguu wa nyuma umenyooka baada ya kusukuma ardhi, goti la mbele limepanda, na nyayo zote mbili ziko hewani. Kivuli chake kiweke chini, kimeachana na miguu. Ule uwazi kati ya unyayo na kivuli ndio unaomwambia msomaji kwamba mtu huyu hagusi chini. Mwili uinamishe mbele. Ukichora mstari mmoja kutoka kichwani hadi kisigino, kadiri unavyolala ndivyo mbio zinavyoongezeka.

Lakini trei libaki limenyooka kama usawa wa maji. Ninaomba uzingatie hapa, maana hapa ndipo mchoro unapoanza kuwa hadithi. Mwili wote umelala kwa kasi, na mikono miwili inapigania kitu kimoja kisilale. Kwa kutazama tu, msomaji anajua kijana anaogopa nini na kwa nini. Fremu inayofuata liinamishe trei kidogo tu, nyuzi kumi zinatosha, na kila anayesoma atavuta pumzi.

Ukishamaliza hayo ndipo uweke mistari. Mitatu inatosha: mmoja kutoka mgongoni, mmoja kutoka kwenye kiwiko, mmoja kutoka kisiginoni. Iwe myembamba huko mbali ilikoanzia, na ikome milimita mbili kabla ya kuugusa mwili, isije ikaonekana ni kamba zinazomvuta. Wachoraji wa Japani wana njia nyingine: wanamwacha mkimbiaji amechorwa wazi, na mandhari ya nyuma ndiyo wanayoigeuza michirizi. Matokeo hayafanani. Mistari ikiwa nyuma ya kijana, wewe msomaji umesimama kituoni unamwona akipita. Michirizi ikiwa kwenye maduka na nguzo, unakimbia naye ubavuni. Chagua msomaji asimame wapi, halafu ndipo uchague mistari.

Upande wa kuelekea una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kinachoelekea kulia kinakwenda na jicho, na kinachoelekea kushoto kinapambana nalo. Daladala ielekee kulia: itatoweka haraka, imebebwa na usomaji wenyewe. Kijana akirudi nyumbani na trei lake, mgeuze aelekee kushoto. Safari hiyo itaonekana nzito hata kabla hujauchora uso wake. Ndugu zetu walioko Muscat au Dubai wakitaka kuchora kwa ajili ya wasomaji wa Kiarabu, wageuze mpango wote tangu penseli. Gazeti la watoto la Majid, linalotoka Abu Dhabi tangu mwaka 1979, husomwa kutoka kulia, na fremu zake zinakwenda hivyo. Usichore kwanza halafu ukageuza picha kwa kioo. Katuni za Japani ziliwahi kugeuzwa hivyo zilipopelekwa Marekani, na wapiganaji wakajikuta wanatumia mkono wa kushoto, mapanga yakiwa upande usio wake.

Uso, halafu mwili

Chora duara kumi na mbili, kila moja na nukta mbili za macho. Sasa chukua nyusi za aina tatu: zilizonyooka, zilizoinuka katikati, zilizoshuka katikati. Chukua midomo ya aina nne: mstari, pembe juu, pembe chini, wazi. Zichanganye mpaka duara zote ziishe. Ni zoezi la kale. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa shule wa Geneva aliyekuwa akitunga hadithi za picha, aliandika mwaka 1845 kwamba uso wowote utakaouchora, hata ule mbaya kabisa, utakuwa na hali fulani ya moyo. Kazi yako ni kubadilisha mstari mmoja na kuangalia nini kimebadilika.

Nyuso zinazofanana juu na chini hazina cha kukufundisha: nyusi za hasira na mdomo wa hasira, basi, hasira. Tazama zile zinazopingana. Nyusi zilizoshuka na mdomo unaotabasamu: huyo ni konda, anajua alichokifanya. Nyusi zilizoinuka katikati na mdomo unaotabasamu: huyo ni kijana wetu jioni, mlangoni, anamwambia mama, "Shikamoo mama. Yamebaki kumi na mawili." Anajitahidi tabasamu lisimponyoke, na nyusi zinamsaliti. Katuni nzima inaweza kuishi kwenye uso huo mmoja.

Hata hivyo, ukishaujua uso, jifunze kuuficha. Chora fremu yote kwa kumwonyesha mhusika kwa nyuma na uone kama hisia imebaki. Sisi tuna hazina kubwa ya miili inayosema. Anayewaza ameshika tama. Aliyepatwa na msiba mikono iko kichwani. Aliyekasirika amejishika kiuno, na akiwa amedharau, amebinua mdomo na kukata jicho pembeni. Mama wa kijana anaweza kupeleka ncha ya khanga mdomoni, na hakuna tone la chozi litakalohitajika. Kijana anapozungumza na mzazi hutazama chini. Basi ukimchora anamtazama mama yake machoni moja kwa moja, umeandika sentensi nzima, na jirani yako ataisoma palepale. Ndiyo sababu ninawasihi vijana wasichukue alama zote za huzuni na aibu kutoka katuni za Japani. Ni nzuri kwao na zimetokana na kwao. Keti kituoni nusu saa uchore mabega ya watu.

Matone ya jasho, nyota za maumivu, mawingu ya vumbi na mizunguko ya kizunguzungu zina kazi yake. Mort Walker, mchoraji wa katuni ya Beetle Bailey, alizikusanya katika kitabu mwaka 1980 na kuzipa kila moja jina la utani. Sheria yangu ni alama moja kwa fremu. Ukihitaji tatu, mwili haujachorwa sawasawa.

Na usikimbilie kuusogeza uso karibu kila moyo unapouma. Gari limeondoka, mayai yamemwagika. Rudi mbali. Chora kituo kizima, mabango, watu wanaopita na shughuli zao, na kijana awe mdogo kama ukucha wa kidole gumba katikati ya vyote hivyo. Upweke unahitaji nafasi nyeupe.

Yote haya yanataka mhusika atambulike katika kila fremu, awe mkubwa au mdogo, kwa mbele au kwa mgongo. Mpe umbo moja lisilobadilika: kofia, flana iliyozidi mwili, shingo ndefu. Mimi nimekua na gazeti la Sani, la akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Wahusika wa aina hiyo unawajua kabla hujasoma neno lolote.

Sauti na maandishi

Andika maneno kwanza, kisha uzungushie puto. Ukianza na puto utabana herufi pembeni. Sauti ya kelele iwe na puto lenye ncha kali, mnong'ono uwe na mstari wa nukta nukta, na mtu anayeona aibu mpe herufi ndogo ndani ya puto kubwa. Milio usiikope: mtu huanguka puu, kitu huzama majini chubwi, yai likipasuka linasambaa pwaa. Neno la mlio lifuate njia ya kitu chenyewe. Herufi za "pwaa" zianze ndogo kwenye ganda zikue zinavyosambaa.

Kuipeleka kwenye simu

Katuni yako ina upana wa milimita 267 kutoka fremu ya kwanza hadi ya nne. Ikiwekwa yote kwenye kioo cha simu chenye upana wa sentimita saba hivi, herufi ya milimita nne inabaki milimita moja. Hakuna atakayeisoma ndani ya WhatsApp. Panga fremu mbili juu na mbili chini: upana unakuwa milimita 131, na herufi ileile inabaki milimita mbili. Inasomeka. Charles Schulz, aliyechora katuni ya Peanuts kuanzia mwaka 1950 hadi 2000, alianza kwa sharti la fremu nne zilizolingana ili wahariri waweze kuzipanga kwa mlalo, kwa wima au kwa mraba, kulingana na nafasi ya gazeti. Sharti hilo linatufaa sisi leo kuliko hata lilivyowafaa wao.

Ukipenda kuzipanga kwa wima, fremu moja chini ya nyingine, kama wanavyofanya Wakorea kwenye katuni zao za simu, mwanya haubaki tena milimita 5. Unaweza kuwa mfupi kama pumzi au mrefu kama kioo kizima, na msomaji anauvuka kwa kidole chake. Kati ya fremu ya trei lililoinama na fremu ya mwisho, acha weupe unaojaza kioo cha simu. Yai liko hewani muda wote ambao kidole kinasogea.